Uliza Tukujibu: Ngumi Saba za Skrini

Katika toleo lililopita tulijibu kwa mistari minne tu swali la msomaji aliyetaka kujua kama inafaa kulipa zaidi ili kutazama filamu katika ukumbi wa skrini kubwa, na jibu lile fupi limetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha bila kubadilisha maana yake.

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi Agosti nilikwenda Nairobi kumtembelea kaka yangu, naye akanipeleka kutazama filamu ya marubani wa kivita katika ukumbi wa skrini kubwa. Foleni ya magari ilituchelewesha, tukakuta viti vilivyobaki ni vya safu ya pili kutoka mbele. Kabla nusu saa haijaisha nilikuwa nimeinamisha kichwa na kufumba macho, tumbo limenichafuka kama niko kwenye mashua ya Pemba wakati wa kusi. Kaka alinicheka mpaka tunatoka. Juma lililofuata niliitazama filamu ileile Dar es Salaam, katika ukumbi wa kawaida, nikaimaliza bila shida yoyote, lakini niliona kuna kitu kimepungua ambacho hadi leo siwezi kukitaja. Je, tofauti ya kumbi hizi ni ukubwa wa kitambaa tu? Na siku nyingine nikae wapi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, pole. Kabla sijakujibu, nyoosha mkono mbele ya uso wako, kunja ngumi, fumba jicho moja. Ngumi hiyo inaziba kiasi cha nyuzi (digrii) 10 za upeo wa macho yako, na kipimo hiki hakitofautiani sana baina ya mtu na mtu, kwa kuwa mwenye mkono mrefu kwa kawaida ana ngumi kubwa pia. Watazama nyota hukitumia kupimia umbali wa nyota moja hadi nyingine. Sisi tutakitumia kupimia sinema, maana macho hayajui mita. Yanachojua ni sehemu gani ya upeo wao imejazwa na picha.

Chukua simu yenye skrini ya sentimita 15, ilaze, uishike sentimita 30 kutoka usoni kama wengi wetu tufanyavyo kitandani. Inajaza nyuzi 28, yaani ngumi tatu kasoro kidogo. Televisheni ya inchi 50, ukiitazama kutoka kwenye kochi lililo umbali wa mita 3, inajaza nyuzi 21 tu, ambazo ni ngumi mbili. Kwa macho yako, basi, simu ni kubwa kuliko televisheni, ingawa muuza televisheni hatakubali. Ingia sasa katika ukumbi wa kawaida wenye skrini ya upana wa mita 10, ukae mita 15 kutoka mbele: utapata nyuzi 37, karibu ngumi nne. Nenda kwenye skrini ya mita 22, ambao ndio upana uliozoeleka wa kumbi za IMAX (jina la kampuni na la mitambo yake ya kumbi hizi za skrini kubwa) za mtindo wa asili, ukae umbali uleule wa mita 15, na picha itapanda hadi nyuzi 72, ngumi saba na ushei. Ukiisogelea skrini ya namna hiyo hadi mita 8, kama wanavyolazimika watu wa safu za mbele waliochelewa kwa sababu ya foleni, inazidi nyuzi 100. Hizo ni ngumi kumi na zaidi, na kichwa kinabidi kigeuke kama cha mtu anayetazama mechi ya tenisi.

Kizunguzungu chako kilitoka pembeni mwa macho. Sehemu ya katikati ya jicho husoma sura na maandishi. Sehemu ya pembeni haisomi chochote vizuri, lakini ni hodari wa kutambua mwendo, na ubongo huitegemea ili kujua kama mwili wenyewe unakwenda au umetulia. Umewahi kukaa ndani ya basi stendi, basi la jirani likaanza kurudi nyuma, nawe ukadhani ni lenu linalokwenda mbele? Ndicho kilichokupata. Ndege ilipolala ubavu, kila kitu machoni pako kililala nayo, ilhali sikio la ndani, ambalo ndilo lenye mizani ya mwili, lilikuwa likisisitiza kwamba umeketi kitini na hujasogea hata kidogo. Ubongo ukiletewa taarifa mbili zinazopingana namna hiyo, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Katika ukumbi wa Dar es Salaam pembe za macho yako zilikuwa zinaona kuta, taa ya mlangoni na kichwa cha jirani, vitu visivyotikisika, kwa hiyo ubongo haukudanganyika. Na kile ulichoona kimepungua ndicho hichohicho kilichokutia kichefuchefu: ile hali ya kuwa ndani ya mambo badala ya kuyachungulia dirishani.

Siku nyingine kata tiketi mapema na uchague kiti cha katikati, theluthi mbili hivi ya ukumbi kutoka mbele. Katika ukumbi wa kawaida mimi hukaa nusu, wala sioni aibu kusogea mbele zaidi. Katika ukumbi wa skrini kubwa narudi nyuma. Usihofu vichwa vya watu, kwa sababu sakafu ya kumbi hizi hupandishwa kwa mwinuko mkali kama jukwaa la uwanja wa mpira, na aliye mbele yako anakuwa chini kabisa ya macho yako. Ukishaketi, hesabu ngumi. Saba ni raha. Zikifika tisa, mwombe mhudumu akubadilishie kiti kabla taa hazijazimwa.

Kuhusu kitambaa, si kitambaa tu. Skrini hizo hupakwa rangi ya fedha ili zirudishe mwanga mwingi, hupindwa kidogo ili kingo zisiwe mbali na macho kuliko katikati, na hutobolewa matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, kwa kuwa spika kubwa zimekaa nyuma yake na sauti haina budi kupita humo. Lakini ukiitanua picha iliyo hafifu utapata uhafifu mkubwa zaidi, na hapo ndipo barua inayofuata inapoingia.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 74. Katika miaka ya sabini nilikuwa mwendesha projekta katika sinema moja hapa Mombasa. Filamu nzima ilikuwa inatufikia ndani ya makopo, na vijana wawili waliweza kuyapandisha ngazini. Mjukuu wangu ananiambia kwamba mwaka 2023 kulikuwa na filamu ambayo mkanda wake ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Nimemwambia ananitania. Nani mkweli? — Mzee wa Mombasa

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mjukuu hakukutania, na kwa hakika amepunguza. Filamu yenyewe ni Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyotoka Julai 2023 ikiwa na urefu wa saa 3. Ilionyeshwa katika kumbi nyingi kwa njia ya kidijitali, lakini kumbi 30 hivi duniani ziliionyesha kwa mkanda halisi wa IMAX, na kila nakala ya mkanda huo ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, sawa na magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Hakuna vijana wawili wa kulipandisha hilo ngazini.

Wewe unaijua hesabu hii kuliko wasomaji wetu wengi, kwa hiyo naomba uniruhusu niifanye kwa ajili yao. Mkanda uliokuwa unauzungusha ulikuwa wa upana wa milimita 35. Ulishuka wima, na kila fremu ilichukua matundu 4 ya pembeni, yaani milimita 19. Kwa fremu 24 kila sekunde, ulikuwa unapitisha mbele ya taa sentimita 46 za mkanda kwa sekunde, au mita 27 na kitu kwa dakika. Mkanda wa IMAX ni wa milimita 70, na haushuki; unapita ukiwa umelala, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila fremu inachukua matundu 15. Hayo ni milimita 71 kwa fremu, na kwa mwendo uleule wa fremu 24 unapata mita 1.7 kwa sekunde, zaidi ya mita 102 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 180. Ni zaidi ya kilomita 18 za mkanda: ukishika ncha moja kisiwani Mombasa, ukavuka Nyali na kwenda kaskazini, utafika Mtwapa nao.

Faida ya usumbufu huo wote ni eneo la fremu, ambalo ni karibu mara tisa ya fremu ya milimita 35. Skrini ya mita 22 inaitanua fremu ya kawaida mara elfu moja kwa upana, na chembechembe za mkanda zinaanza kuonekana kama mchanga. Fremu ya IMAX inahitaji kutanuliwa mara mia tatu na kidogo tu. Ndiyo maana mtu aliyekaa safu ya kati anaweza kuona jasho kwenye kope za mwigizaji.

Najua utauliza mkanda unaokwenda kasi hiyo unawezaje kusimama na kuondoka mara 24 kwa sekunde bila kuchanika. Projekta yako ilitumia meno yaliyonasa matundu na kuyavuta kwa nguvu, na bila shaka unakumbuka mkanda unavyokatika katikati ya pigano, ukumbi mzima ukaanza kupiga miluzi na kulitaja jina la mama wa mwendeshaji. Kwa mkanda mpana wa milimita 70 uliolala, mvuto wa namna ile ungeng'oa matundu yote kabla ya filamu kufika nusu. Ufumbuzi ulitoka kwa fundi wa Australia, Peter Ronald Wright Jones wa Brisbane, ambaye katika miaka ya sitini alibuni njia ya kuusukuma mkanda kama wimbi badala ya kuuvuta. Mkanda unaachiwa ulegee, ukajikunja kama kiwavi anavyoinua mgongo, na mkunjo huo unabingirika hadi ulalie mahali pake mbele ya taa. Vijipini vinaingia katika matundu kuishika fremu isitetemeke, hewa inanyonywa ili mkanda ugande bapa kwenye kioo, picha inaonyeshwa, kisha wimbi linaondoka nao. Kampuni ya Kanada iliyoanzisha IMAX ilinunua haki za ubunifu huo, na mhandisi wake, William Shaw, akaufanyia marekebisho mpaka ukatulia. Taa yake ni ya gesi ya zenoni ya kilowati 15, inayopozwa kwa maji. Nadhani ninyi mlizoea taa za vijiti vya makaa vilivyowashwa kwa umeme.

Hata hivyo, mzee wetu, usimruhusu mjukuu akudhanie kwamba kila ukumbi wenye jina la IMAX una mashine ya namna hii. Tangu mwaka 2008 kampuni hiyo ilipoanza kufunga projekta za kidijitali, kumbi nyingi mpya, ule wa Nairobi ukiwamo, hazina mkanda kabisa. Filamu hufika ndani ya diski ndogo unayoweza kuibeba kwapani, imefungwa kwa ufunguo wa siri wa kidijitali unaofungua kwa tarehe zilizokubaliwa tu. Hakuna makopo, hakuna miluzi.

SWALI: Ninaishi Muscat. Nilipokuwa Dubai kikazi niliingia ukumbi wa IMAX, na nikaona jambo la ajabu. Filamu ilianza ikiwa na mistari mipana myeusi juu na chini. Ghafla, katika tukio la mlimani, mistari ikatoweka na picha ikajaa skrini yote. Waigizaji waliporudi nyumbani na kuanza kuzungumza, mistari ikarudi. Ilijirudia hivyo mara nne au tano. Je, mashine ilikuwa mbovu? — Msomaji, Muscat

JIBU: Mashine ilikuwa nzima. Picha za filamu hupigwa kwa maumbo tofauti. Umbo lililozoeleka kwa filamu kubwa lina upana wa mara 2.39 ya kimo chake. Umbo la mkanda wa IMAX ni mara 1.43, karibu na mraba. Na kumbi nyingi za IMAX za kidijitali zinaishia kwenye 1.90. Weka maumbo hayo yote kwenye skrini ya mita 22 uone: la kwanza lina kimo cha mita 9 hivi, la mwisho mita 11 na nusu, na lile la mkanda mita 15. Mistari myeusi uliyoiona ni skrini tupu iliyokuwa inasubiri tukio la mlimani.

Kwa nini wasipige filamu nzima kwa umbo kubwa? Kwa sababu kamera ya mkanda wa IMAX ni nzito kubeba, inanguruma kama cherehani iliyokosa mafuta, na kopo lake la kawaida la mkanda linatosha dakika 3 tu. Kwa mlima, helikopta au mlipuko, hayo yanavumilika. Kwa mama na binti wanaonong'ona jikoni, mngurumo unaingia katika sauti na waigizaji wanalazimika kurudia maneno yao baadaye studio. Filamu ya kwanza ya hadithi ya Hollywood kupigwa kwa sehemu kwa kamera hizo ilikuwa The Dark Knight ya mwaka 2008, na tangu hapo wakurugenzi wengi wamefuata mtindo huo wa kubadilisha umbo katikati ya filamu. Wapo wanaouona kuwa ni ufundi mkubwa. Mimi nauona unafaa pale mabadiliko yanapofanywa wakati hadithi yenyewe inafunguka, mlango ukifunguliwa au mtu akitoka handakini, na unaniudhi pale unapokuja ovyo, kila baada ya sekunde kumi, hata nikajikuta natazama mistari badala ya filamu.

SWALI: Vijana wa siku hizi wanaringia skrini kubwa kana kwamba wamezivumbua wao. Sisi wa Dar es Salaam tulikuwa na sinema ya magari pale Msasani, tunafika na watoto wamevaa nguo za kulalia, jagi la chai na sambusa kwenye kiti cha nyuma, na skrini ile ilikuwa kubwa kama jengo. Hicho kipya ni kipi? — Bibi wa Upanga

JIBU: Shikamoo bibi. Kwa mita, una haki kabisa ya kuringa. Lakini turudi kwenye ngumi. Tuseme skrini ya sinema ya magari ina upana wa mita 30, na gari lenu limeegeshwa mita 80 nyuma, kwa kuwa waliowahi ndio waliopata za mbele. Picha hiyo inajaza nyuzi 21 tu, ngumi mbili, sawasawa na televisheni ya sebuleni, na humo ndani ya gari mnaitazama kupitia kioo chenye vumbi na vichwa viwili vya wazazi. Mlichokuwa nacho kilikuwa kikubwa kwa mambo mengine: anga, upepo wa bahari, watoto waliosinzia kabla ya stelingi kulipiza kisasi. Hayo ukumbi wenye kiyoyozi hauwezi kuyatoa kwa bei yoyote.

Hicho kipya, yaani IMAX, kilitoka Kanada. Katika maonyesho ya dunia ya Montreal mwaka 1967, watengenezaji kadhaa wa filamu walionyesha picha kwa projekta nyingi zilizopangwa pamoja, na usumbufu wa kuzilinganisha ukawafanya Graeme Ferguson, Roman Kroitor na Robert Kerr watafute projekta moja yenye nguvu ya kufanya kazi ya zote. Filamu yao ya kwanza ilionyeshwa Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970, na ukumbi wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa Toronto mwaka 1971. Kwa muda mrefu baada ya hapo kumbi hizo zilikaa hasa kwenye majumba ya makumbusho na vituo vya sayansi, zikionyesha filamu za dakika 40 hivi kuhusu milima, bahari na safari za angani.

Na hapa, bibi, pana jambo ambalo hulikuta mara chache katika mazungumzo yetu kuhusu sinema. Kati ya vitu vilivyopelekwa kwenye skrini hizo, nchi zetu zilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1994 ilitoka filamu ya IMAX kuhusu Serengeti, yenye safari ya nyumbu na sauti ya James Earl Jones ikisimulia. Mwaka 2002 ikafuata ya Kilimanjaro, iliyoongozwa na David Breashears, mpanda milima aliyekwisha kupanda Everest na kamera ya IMAX. Mwaka 2011 ikaja ya ndovu yatima wa Kenya pamoja na orangutani, wale nyani wakubwa wa Borneo. Nairobi ilipopata ukumbi wake wa IMAX, katika jengo la 20th Century mtaa wa Mama Ngina, ilikuwa ni mwaka 2012. Kwa miaka 18, basi, mtoto wa Toronto aliweza kuwaona nyumbu wa Serengeti kwa ngumi saba, na mtoto wa Mugumu, ambaye nyumbu hao wanapita karibu na kwao, hakuwa na skrini hata moja ya namna hiyo katika ukanda wake wote. Nadhani angesema hana haja nayo, lakini ni vizuri mtu aulizwe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Kampala, na kila nikisafiri kwenda mji wenye skrini kubwa natamani kuingia. Mwaka jana nililipa karibu mara mbili ya bei ya kawaida kutazama filamu ya mapenzi, tena kwa miwani ya 3D, picha ikawa na giza na mimi nikaona nimeibiwa. Nitajuaje filamu inayostahili pesa yangu? — Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Giza ulilolilalamikia lina sababu mbili. Ya kwanza ni miwani yenyewe: kila kioo kinaruhusu picha ya jicho moja tu na kuzuia ya jicho la pili, na katika kuzuia huko sehemu kubwa ya mwanga inapotea. Ya pili ni taa ya projekta iliyochakaa, na hiyo ni shauri la ukumbi. Ukiona nyuso zina rangi ya maji ya mto wakati tukio ni la mchana, toka ukamwambie msimamizi papo hapo, wala usingoje filamu iishe.

Kuhusu kuchagua, uliza kwanza filamu ilipigwaje. Nyingi zinazoonyeshwa humo hazikupigwa kwa kamera za IMAX. Zimepigwa kwa njia za kawaida, kisha kampuni ikazisafisha kwa kompyuta, fremu kwa fremu, ili zistahimili kutanuliwa. Kazi hiyo ilianza kuonekana mwaka 2002 kwa Apollo 13, filamu ya mwaka 1995 iliyorudishwa kwenye skrini kubwa ikiwa imekatwa hadi chini ya saa 2, kwa sababu sahani za kuzungushia mkanda wakati huo hazikuweza kubeba zaidi. Filamu iliyosafishwa vizuri inapendeza, lakini haipati umbo refu nililomweleza msomaji wa Muscat, kwa hiyo unachokinunua ni upana, mwanga na sauti. Tangazo likisema filamu imepigwa kwa kamera za IMAX, au kwamba ina matukio yanayojaza skrini yote, hapo lipa. Likiwa na jina la IMAX tu bila maelezo, fikiria kiti utakachopata. Kiti cha katikati katika ukumbi wa kawaida mzuri kinakishinda cha safu ya pili katika ukumbi wa skrini kubwa, kwa bei na kwa afya.

Wengi watakuambia kwamba skrini kubwa ni ya vita, anga na magari, na filamu ya watu wawili wanaozungumza mezani ikaonwe kwenye simu. Sikubaliani nao kikamilifu. Uso wa mtu anayezuia machozi, ukijaza ngumi saba, unaona mshipa wa shavu unavyocheza kabla hajasema lolote, na hakuna mlipuko unaoweza kunishika namna hiyo. Sharti ni mkurugenzi awe ameutazama uso huo kwa subira. Filamu yako ya mapenzi huenda ilikosa hilo, na kosa lisiwe la skrini.

SWALI: Binti yangu ana miaka 6 na anataka kupelekwa kutazama katuni kwenye skrini kubwa siku yake ya kuzaliwa. Nahofia sauti na ile miwani. — Mama Amani, Nairobi

JIBU: Mpeleke, Mama Amani, ila chagua onyesho la mchana na viti vya nyuma, vilivyo kando ya njia, ili akihitaji kutoka msipite juu ya miguu na bisi za watu. Spika ziko nyuma ya skrini na kwenye kuta, kwa hiyo kiti kilicho karibu na ukuta kina kelele kuliko cha katikati. Ukiweza, mbebee vizuia sauti vya masikioni vya watoto, maana mingurumo mizito ya kumbi hizi huanza ghafla na mtoto hushtuka kabla hujamziba masikio kwa mikono. Kiti kikiwa kirefu kwake, omba mto wa kuinulia watoto pale mlangoni.

Kama filamu inaonyeshwa pia bila 3D, chagua hiyo. Kama hakuna, na katikati ya filamu akasema kichwa kinamuuma, usimvue miwani, kwa sababu bila miwani ataona picha mbili zilizopishana na ataumwa zaidi. Mwambie abaki nayo, afumbe jicho moja. Picha itakuwa bapa na safi kama ya televisheni, naye ataendelea kucheka na wenzake.